Kitabu Kisomwacho na Wengi

Watu wengi hudhani ya kuwa kusoma ni kazi ya mtu mmoja, akae peke yake, amalize kitabu, kisha akiweke rafuni. Lakini habari za mji wa Nairobi zaonyesha ya kuwa kitabu huzaa matunda zaidi kikipita katika mikono na midomo ya watu wengi.

Katika Barabara ya Banda, katikati ya Jiji, iko Maktaba ya McMillan, yenye sanamu mbili za simba mbele ya ngazi zake. Ilifunguliwa mwaka 1931, kuwa ukumbusho wa Sir William Northrup McMillan aliyefariki mwaka 1925. Kwa zaidi ya miaka 25 Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Milango ilifunguliwa kwa watu wote karibu na Uhuru wa 1963, maktaba ilipokwisha kuwa mali ya Halmashauri ya Jiji.

Hata hivyo, kiu ya kusoma haikungoja milango hiyo. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilipeleka masanduku ya vitabu mashambani, na wengine waliazima kwa njia ya posta. Nakala moja ilitumikia watu wengi.

Siku hizi vitabu vilivyokwisha kutumika hutandazwa kando ya njia katikati ya Jiji, na mnunuzi huinama kuchagua. Wala si kila mtu awezaye kununua kila mwezi. Basi fikiri watu wanane wafanyao kazi karibu karibu. Kila mmoja akinunua kitabu kimoja, na wakabadilishana, kila mtu atasoma vinane kwa bei ya kimoja.

Lakini kubadilishana bila kuzungumza hakutoshi. Mtu asomaye peke yake husahau upesi, na akikosea maana hana wa kumsahihisha. Yafaa wakutane mara moja kwa mwezi, na kila mmoja aeleze kitabu alichonacho mkononi, hata kama hajakimaliza. Ataje jina la kitabu na la mwandishi, aseme amefika wapi, ni jambo gani lililomshika, na ni lipi ambalo hakulikubali au hakulielewa. Mwisho wa hadithi asiutoboe, maana atawaondolea wenzake hamu ya kusoma. Nao wasikilizaji wamwulize maswali. Mara nyingi swali la mwenzako hukurudisha kwenye ukurasa ulioupita bila kuuona vema. Wala asiyesoma Kiingereza asionewe haya. Kitabu cha Kiswahili, au cha lugha ya nyumbani, kina haki ile ile barazani.

Liko jambo moja livunjalo vyama vya namna hii, nalo ni vitabu visivyorudi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mmoja wao ashike daftari, aandike jina la kitabu, la mwenyewe, la mwazimaji, na siku ya kurudisha. Kitabu kivikwe karatasi, na pembe za kurasa zisikunjwe.

Mwenye kitabu akiyafuata haya hatapungukiwa na kitu. Kitabu chake kitarudi, pamoja na mawazo ya watu saba ambayo hakuwa nayo hapo kwanza.