Neno Limfikialo Mhusika: Lugha katika Uenezaji wa Utafiti wa Saikolojia ya Jumuiya

Miaka michache iliyopita mwandishi wa makala haya aliombwa kufasiri hojaji ya watafiti wa afya ya akili, itumiwe katika vijiji fulani vya pwani ya Kenya. Swali mojawapo lilihusu hali ya mtu kuvunjika moyo kwa siku nyingi. Nasi, kwa kuyafuata maneno ya asili mno, tuliandika: "Je, moyo wako umeshuka?" Bibi mmoja mzee alipoulizwa hivyo alijishika kifua, akanyamaza kidogo, kisha akajibu: "Moyo wangu uko pale pale, mwanangu. Ila mawazo hayanipi usingizi." Katika fomu palitiwa alama ya "La". Kwa hesabu ya watafiti, bibi huyo alikuwa mzima.

Kosa halikuwa la bibi, wala halikuwa la sarufi. Sentensi ilikuwa sahihi, lakini haikumfikia mhusika. Katika makala haya tunanuia kuonyesha kwamba kuieleza saikolojia ya jumuiya kwa watu inaowahusu si kazi ya kufuatia baada ya utafiti kukamilika. Ni sehemu ya utafiti wenyewe, nayo huanzia katika uteuzi wa maneno.

Kwanza yafaa tuubainishe uwanja huu. Saikolojia ya jumuiya ilipata jina lake katika mkutano uliofanyika Swampscott, Massachusetts, nchini Marekani, mwaka 1965. Wataalamu waliokutana huko hawakuridhika na desturi ya kumngojea mgonjwa mmoja mmoja hospitalini. Walitaka kuchunguza pia mazingira yamsumbuayo mtu: umaskini, makazi, ubaguzi, upweke. Tunasema "jumuiya" kwa makusudi, kwani "saikolojia-jamii" ni taaluma nyingine, ihusuyo jinsi mtu anavyoathiriwa na wenzake katika fikra na mwenendo. Basi, ikiwa jumuiya ndiyo inayochunguzwa na ndiyo inayotarajiwa kufaidika, ni dhahiri kwamba haiwezi kufichwa matokeo kwa pazia la istilahi.

Mfano ulio bora kwetu unatoka Zimbabwe. Katika miaka ya 1990, Vikram Patel na wenzake walitunga huko hojaji ya maswali 14 wakianzia katika maneno ambayo Washona wenyewe hueleza kwayo dhiki zao. Neno mojawapo lililo maarufu ni "kufungisisa". Mzizi wake ni "-fung-", yaani kufikiri, nacho kiambishi "-isis-" huonyesha kuzidi kwa tendo. Maana yake ni kufikiri kupita kiasi, au, kama tungesema sisi, kuwazawaza. Msomaji ataona mara moja kwamba bibi yetu wa pwani alikuwa akisema jambo lilo hilo.

Mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha huduma katika mtaa wa Mbare, mjini Harare. Hakupewa wauguzi wala chumba. Alipewa wakongwe 14, wahudumu wa afya wa mtaani, nao wakaketi na watu nje, juu ya benchi. Hapo kwanza benchi hilo lilihusishwa kwa jina na afya ya akili, na watu wakalikwepa. Wakongwe ndio walioshauri jina libadilishwe, likawa Benchi la Urafiki. Hatua za mazungumzo pia zina majina ya Kishona: "kuvhura pfungwa", kufungua fikra, "kusimudzira", kuinua, na "kusimbisa", kutia nguvu. Hakuna hata moja linalohitaji kamusi ya tabibu. Hapa twajifunza kwamba hadhira si chombo cha kumiminiwa maarifa. Wakongwe wale walikuwa hadhira, na papo hapo walikuwa wataalamu wa lugha ya mtaa wao.

Wapo watakaodhani kwamba maneno mepesi hupunguza uzito wa sayansi. Sivyo. Matokeo ya huduma hiyo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Watu 573 kutoka zahanati 24 walishiriki, na zahanati ziligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Baada ya miezi 6, waliokuwa bado na dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7 katika kundi la benchi, na asilimia 49.9 katika kundi lililopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo. Katika baraza la kijiji tungesema: kati ya kila watu 100 walioketi na wakongwe, kama 14 walibaki na dalili hizo, kati ya kila 100 wa kundi la pili, walibaki kama 50. Ni lazima pia tuseme kwamba hao walipimwa baada ya miezi 6 tu, ili msikilizaji asidhani ameahidiwa tiba ya milele. Kurahisisha kusikokuwa na uaminifu ni udanganyifu.

Katika Kiswahili tunalo neno "sonona", linalofaa vitabuni na lililo na jamaa yake katika kitenzi "sononeka". Hatuna sababu ya kulitupa. Lakini anayezungumza sokoni au redioni aanze na "mawazo mengi" na "kukosa usingizi", kisha amfikishe msikilizaji kwenye istilahi. Aidha, ajihadhari na "wazimu" na "kichaa", maneno yamfanyayo mtu aione aibu kabla hajauona msaada. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Yafaa tujiulize ni jina gani tulilompa hata akayaficha. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichomhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, ni kinyume cha Katiba. Hofu ya sheria imepata pigo. Hofu ya majina ingalipo, na hiyo haiondolewi na hakimu.

Kwa hiyo, wanafunzi na walimu wa lugha tusikubali kuitwa siku ya mwisho tu, wakati ripoti imekwisha kupigwa chapa na kinachotafutwa ni mfasiri. Tuwepo maswali yanapotungwa, tuyajaribu mbele ya wazee wa mahali, na matokeo yarudishwe kwa wale waliotoa majibu. Swali letu la pwani lilirekebishwa baadaye, likawa: "Je, mawazo hukukosesha usingizi?" Bibi yule hakuulizwa tena, maana fomu yake ilikuwa imekwisha kuhesabiwa.