Wasichana wa Aisilandi: Timu ya Taifa Dogo Miongoni mwa Vigogo wa Ulaya

Timu ya taifa ya soka ya wanawake ya Aisilandi huchaguliwa kutoka katika taifa lenye watu wasiofika laki nne, wanaoishi katika kisiwa cha Atlantiki ya Kaskazini ambako giza la Desemba huacha saa nne au tano tu za mwanga wa mchana. Pamoja na hayo, timu hiyo imecheza fainali tano mfululizo za Mataifa ya Ulaya, kuanzia 2009 hadi 2025. Imeifunga Ujerumani, taifa lililotwaa Kombe la Dunia mara mbili, nyumbani na ugenini. Katika miaka ya karibuni imehesabiwa miongoni mwa timu 15 bora duniani. Wananchi huiita Stelpurnar okkar, yaani "wasichana wetu". Sura hii inaeleza timu hiyo ilivyoanza, nguvu yake inatoka wapi, na ni wapi uchache wa watu bado unaibana.

Mwanzo wa kusuasua

Shirikisho la Soka la Aisilandi, linalojulikana kwa kifupi KSÍ, liliundwa mwaka 1947, lakini ligi ya wanawake ilisubiri hadi 1972. Kipindi hicho wanawake wa Aisilandi walikuwa wakidai nafasi yao katika kila nyanja. Tarehe 24 Oktoba 1975 wengi mno kati yao waliacha kazi za ofisini, viwandani na nyumbani kwa siku nzima ili nchi ione uzito wa kazi yao. Miaka mitano baadaye Vigdís Finnbogadóttir akachaguliwa kuwa rais, mwanamke wa kwanza duniani kuwa mkuu wa nchi kwa kura za wananchi. Soka la wanawake lilikua katika jamii hiyo, ingawa mabadiliko yalichelewa kuingia viwanjani.

Mechi ya kwanza ya kimataifa ilichezwa tarehe 20 Septemba 1981 mjini Kilmarnock, dhidi ya Scotland. Aisilandi ilipoteza kwa mabao 3-2. Timu ikaingia katika michuano ya kwanza ya kufuzu Ulaya, kisha ikapotea. Kwa sehemu kubwa ya muongo huo haikushiriki mashindano ya bara. Wachezaji waliokuwa katika umri wao bora walimaliza miaka yao wakicheza ligi ya nyumbani tu.

Timu iliporudi mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilionyesha mapema kwamba uwezo haukuwa umekosekana. Katika michuano ya Ulaya ya 1995 ilifika robo fainali, hatua iliyochezwa nyumbani na ugenini, ikatolewa na Uingereza iliyoshinda 2-1 katika kila mechi. Baada ya hapo kilichohitajika kilikuwa mfumo wa kuzalisha wachezaji kila mwaka, badala ya kutegemea kizazi kimoja chenye bahati.

Viwanja vya ndani na makocha wenye vyeti

Kwa miaka mingi watoto wa Aisilandi walicheza soka la kweli kwa miezi michache ya kiangazi tu. Msimu wa baridi walihamia viwanja vya changarawe, au kumbi za shule ambako mpira wa miguu ulichezwa juu ya mbao. Mwaka 2000 ulifunguliwa uwanja wa kwanza wa ndani wenye ukubwa kamili, Reykjaneshöllin, katika eneo la Keflavík. Vingine vikafuata: Fífan mjini Kópavogur, Egilshöll jijini Reykjavík, Boginn mjini Akureyri upande wa kaskazini. Kando ya shule zilijengwa pia viwanja vidogo vya nyasi bandia, ambavyo mtoto yeyote anaweza kuvitumia baada ya masomo.

Vingi vya viwanja hivi vilijengwa kwa fedha za manispaa na kutumiwa na jamii nzima. Kwa hiyo klabu haikulazimika kuchagua kati ya wavulana na wasichana. Klabu za Aisilandi huwa na timu za jinsia zote mbili chini ya jina moja, jezi moja na uongozi mmoja. Breiðablik ya Kópavogur na Valur ya Reykjavík, zilizotwaa mataji mengi zaidi ya ligi ya wanawake, zimejengwa hivyo. Msichana wa miaka sita anapojiandikisha, anaingia katika ngazi ileile anayoingia kaka yake.

Nguzo ya pili ni ualimu wa mchezo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 KSÍ ilifungua kwa upana kozi za vyeti vya ukocha vya UEFA, na klabu zikawa zinawalipa makocha waliosoma hata kwa timu za watoto wadogo. Katika nchi nyingi kocha mwenye cheti hukutana na mchezaji akiwa kijana aliyekwisha kuchaguliwa. Nchini Aisilandi hukutana naye kabla hajajua kupiga pasi. Sigurður Ragnar Eyjólfsson, aliyesimamia elimu ya makocha katika shirikisho, ndiye aliyekabidhiwa timu ya taifa ya wanawake kuanzia 2007 hadi 2013. Mtu aliyekuwa akiwafundisha walimu akawa pia mwalimu wa timu.

Nguzo ya tatu ni kuondoka mapema. Ligi ya nyumbani ni ndogo, na wachezaji wake wengi huchanganya soka na kazi au masomo. Katrín Jónsdóttir, nahodha wa miaka mingi na mwanamke wa kwanza wa Aisilandi kufikisha mechi 100 za taifa, ni daktari wa binadamu. Hata hivyo ligi hiyo ina faida moja kubwa: msichana mwenye kipaji hucheza na watu wazima akiwa na miaka 15 au 16. Akifika 20 huwa tayari kwa Sweden, Norway au Ujerumani. Klabu ya Kristianstad ya Sweden ilikuwa daraja la wengi wao, kwa sababu kocha wake kuanzia 2009 hadi 2023 alikuwa Elísabet Gunnarsdóttir, raia wa Aisilandi, ambaye mwaka 2025 alichukua timu ya taifa ya wanawake ya Ubelgiji.

Fainali tano za Ulaya

Matunda yalionekana katika kufuzu kwa Euro 2009. Juni 2007 Aisilandi iliifunga Ufaransa 1-0 jijini Reykjavík kwa bao la Margrét Lára Viðarsdóttir. Oktoba 2008, wiki chache baada ya benki kubwa tatu za nchi kuanguka na uchumi kutikisika, timu ilikutana na Jamhuri ya Ireland katika mechi za mtoano. Ilitoka sare 1-1 Dublin, kisha ikashinda 3-0 nyumbani kwenye uwanja ulioganda kwa baridi. Hiyo ikawa timu ya kwanza ya wakubwa ya Aisilandi, ya wanaume au ya wanawake, kufika fainali za mashindano makubwa ya soka. Wanaume walisubiri hadi 2016.

Nchini Finland mwaka 2009 Aisilandi ilipoteza mechi zote tatu, dhidi ya Ufaransa, Norway na Ujerumani. Miaka minne baadaye nchini Sweden ilipata pointi yake ya kwanza kwa sare ya 1-1 na Norway, ikafungwa 3-0 na Ujerumani, kisha ikaifunga Uholanzi 1-0 kwa bao la Dagný Brynjarsdóttir. Ushindi huo uliipeleka robo fainali, ambako wenyeji Sweden waliishinda 4-0. Mpaka sasa hiyo ndiyo hatua ya juu zaidi iliyowahi kufikia katika fainali hizo.

Mwaka 2017 nchini Uholanzi timu ilipoteza kwa Ufaransa kwa penalti ya dakika za mwisho, ikafungwa na Uswisi 2-1 na Austria 3-0. Mwaka 2022 nchini Uingereza jambo la nadra lilitokea: Aisilandi ilitoka sare ya 1-1 na Ubelgiji, Italia na Ufaransa, ikaondoka mashindanoni bila kufungwa mechi hata moja. Mechi mbili za kwanza zilipangwa katika uwanja wa akademi ya Manchester City uliochukua watazamaji wasiofika 5,000, na nahodha Sara Björk Gunnarsdóttir alilalamika hadharani kwamba uwanja huo haukulingana na heshima ya mashindano.

Kufuzu kwa fainali za 2025 kulikuja kwa kishindo. Tarehe 12 Julai 2024 Aisilandi iliichapa Ujerumani 3-0 Reykjavík, kwa mabao ya Ingibjörg Sigurðardóttir, Alexandra Jóhannsdóttir na Sveindís Jane Jónsdóttir, ikakata tiketi bila kupitia mtoano. Matumaini yalikuwa makubwa, lakini nchini Uswisi timu ilifungwa na Finland 1-0, na wenyeji 2-0, na Norway 4-3, ikarudi nyumbani bila pointi.

Kizuizi cha Kombe la Dunia

Aisilandi haijawahi kucheza Kombe la Dunia la wanawake, na mara mbili imekosa kwa kidogo tu. Katika kufuzu kwa 2019 iliishangaza Ulaya kwa kuifunga Ujerumani 3-2 mjini Wiesbaden Oktoba 2017, Dagný akifunga mawili na Elín Metta Jensen moja. Ila Septemba 2018 ilipoteza marudiano nyumbani 2-0, kisha ikatoka sare 1-1 na Jamhuri ya Cheki, mechi ambayo Aisilandi ilikosa penalti dakika za mwisho. Ikamaliza ya pili na kukosa nafasi ya mtoano.

Mara ya pili ilikuwa Septemba 2022 mjini Utrecht. Sare dhidi ya Uholanzi ingetosha kuipeleka Kombe la Dunia moja kwa moja. Timu ilizuia kwa dakika 90, bao likaingia katika dakika za nyongeza. Mwezi uliofuata, ikicheza pungufu baada ya kadi nyekundu, ilifungwa 4-1 na Ureno katika muda wa ziada. Ulaya hupewa nafasi chache kuliko idadi ya timu zake imara, na kosa la dakika moja hugharimu miaka minne.

Wachezaji waliobeba jina la nchi

Kwa desturi ya Aisilandi mtu huitwa kwa jina lake la kwanza, hata katika vitabu na magazeti. Margrét Lára, mzaliwa wa visiwa vya Vestmannaeyjar, alifunga mabao 79 katika mechi 124 za taifa kabla ya kustaafu mwaka 2019. Ni wastani ambao washambuliaji wachache wa mataifa makubwa wanaufikia.

Sara Björk, kiungo kutoka Hafnarfjörður, alianza kuichezea timu ya taifa akiwa na miaka 16 mwaka 2007, na hadi anaiaga Januari 2023 alikuwa amecheza mechi 145. Mwaka 2020 alitwaa Ligi ya Mabingwa akiwa na Lyon na kufunga bao la tatu katika fainali dhidi ya Wolfsburg, klabu aliyotoka kuihama. Mchango wake mkubwa zaidi ulikuja nje ya uwanja. Alipopata ujauzito mwaka 2021, Lyon haikumlipa mshahara wake kamili. Alipeleka shauri FIFA chini ya kanuni mpya za uzazi, na mwaka 2022 klabu ikaamriwa kumlipa zaidi ya euro 82,000. Kanuni hizo huwalinda wachezaji mama wa nchi zote zilizo chini ya FIFA, wakiwemo wa Afrika Mashariki.

Glódís Perla Viggósdóttir, beki wa kati, alirithi unahodha wa taifa na akawa pia nahodha wa Bayern Munich, aliyoisaidia kutwaa ubingwa wa Ujerumani mara kadhaa. Mwaka 2024 aliingia katika orodha ya wanaowania Ballon d'Or. Sveindís Jane, mshambuliaji kutoka Keflavík ambaye mama yake ni Mghana, anajulikana kwa kasi na kwa mrusho wake mrefu, unaofika ndani ya boksi kama krosi ya mguu. Timu yenye mabeki warefu huugeuza kila mrusho wa karibu kuwa nafasi ya kufunga.

Usawa na mipaka yake

Januari 2018 KSÍ ilitangaza kwamba wachezaji wa timu ya wanawake watalipwa bonasi sawa na wanaume. Hatua hiyo haikumaliza matatizo yote. Mwaka 2021 shirikisho lilikumbwa na lawama kali kwa namna lilivyoshughulikia tuhuma za udhalilishaji wa kingono dhidi ya wachezaji wa kiume, na uongozi ukajiuzulu. Vanda Sigurgeirsdóttir, aliyewahi kuwa mchezaji na kocha wa timu ya taifa, akawa mwanamke wa kwanza kuliongoza shirikisho, hadi 2024.

Mpaka mwingine ni hesabu ya watu. Nahodha akiumia Ujerumani, beki wa hadhi yake hupatikana kikosini mara moja. Aisilandi huenda ikasubiri kizazi. Mataifa makubwa, ambayo kwa miongo mingi yaliwapuuza wanawake, sasa yanamwaga fedha katika ligi zao, na ile nafasi ya mapema iliyoipa Aisilandi faida inazidi kupungua. Vipigo vitatu vya 2025 ni onyo kwamba viwanja vya ndani na vyeti vya ukocha vilivyotosha jana huenda visitoshe kesho.

Hata hivyo, hukumu ya haki juu ya timu hii ni ya sifa. Mafanikio yake hayakuletwa na utajiri wa klabu wala wingi wa watu. Yaliletwa na mambo ambayo manispaa yoyote yenye nia inaweza kuanza nayo: uwanja unaotumika mwaka mzima, mwalimu aliyesoma mbele ya kila mtoto, na mlango mmoja kwa msichana na mvulana. Nchi inayolalamika kwamba haina vipaji vya soka la wanawake ijiulize kwanza kama imewahi kuwapa wasichana wake mambo hayo matatu.