Je, Asinziaye Darasani ni Mvivu?

Mwanafunzi wa Likoni anayedamka kuwahi feri akisinzia darasani huitwa mvivu. Je, ni haki?

Mnamo mwaka 1953, Aserinsky na Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kwamba mtu akiwa usingizini kuna nyakati macho huchezacheza chini ya kope na ubongo huwa kazini. Katika maabara ya usingizi, mtu hulala amebandikwa nyaya, mashine ikipima ubongo, moyo na pumzi. Wako wanaokoroma na kukatika pumzi kila mara. Hao huamka hoi hata wakilala usiku kucha.

Sisi vijana twahitaji saa 8 hadi 10. Ukilala saa tano usiku ukaamka saa kumi alfajiri, umepata saa 5 tu! Walimu wetu, kabla ya kutuadhibu, tuulizeni kwanza tulilala saa ngapi.