KISU KIDOGO CHA KUUNGIA MITI
Namna ya kukichagua, kukinoa, kukitumia na kukisafisha

Mulimaji, nyumbani kwako kuna jembe, mupanga na shoka. Kazi nyingi za shamba zinafanyika kwa vyombo hivyo vitatu. Lakini iko kazi moja ambayo mupanga hauiwezi. Ni kazi ya kuunga muti na muti mwingine, ili shina lenye nguvu lizae matunda mazuri. Kazi hii inataka kisu kidogo, chembamba, kikali kama wembe.

Ukikata vibaya, jicho la muti linakufa, nawe umepoteza musimu muzima. Ukikata kwa kisu kichafu, unaweza kuharibu shamba lako lote na shamba la jirani yako pia. Basi soma maneno haya polepole. Kama hujui kusoma, mutoto wako akusomee. Halafu ujaribu kwa mikono yako mwenyewe.

1. KWA NINI KISU KIWE KIKALI

Chukua tawi bichi, uondoe ganda lake. Kati ya ganda na mbao utaona mahali penye utelezi. Hapo pana utando mwembamba sana. Utando huo ndio unaozaa ganda jipya upande wa nje na mbao mpya upande wa ndani. Unapounga miti miwili, kazi yako yote ni hii: kugusanisha utando wa muti mumoja na utando wa muti wa pili, kisha kuifunga mpaka ishikane na kuwa kitu kimoja.

Kisu butu hakikati. Kinaponda na kupasua. Sehemu iliyopondwa inakauka, inakuwa nyeusi, inaoza. Tena kidonda cha kisu butu kina mawimbi, na katika mawimbi hayo hewa na maji vinaingia. Miti haigusani, haishikani. Kisu kikali kinaacha kidonda laini kama kioo, na kidonda laini kinapona upesi. Munganga anayepasua mutu hatumii kisu cha kuchinjia mbuzi. Nawe usifanye muti wako hivyo.

2. VISU VYA NAMNA TATU

Kisu chenyewe cha kuungia. Hiki kinakunjwa katika mupini wake. Wembe wake una urefu wa santimetri 5 hadi 7. Kisu cha kuungia matawi kina makali yaliyonyooka. Kisu cha kuungia macho kina ncha ya muviringo, na mara nyingi kina ulimi mudogo wa shaba, wa mufupa au wa plastiki. Ulimi huo ni wa kufungulia ganda bila kulichubua.

Unaponunua, angalia mambo haya manne:

Kwanza, kifungue na kukitikisa. Kama wembe unacheza katika mupini, usikinunue.

Pili, angalia makali yake. Visu vingi vya kazi hii vimenolewa upande mumoja tu. Upande wa pili ni bapa kabisa. Upande bapa ndio unaofanya kidonda kilichonyooka. Mutu wa mukono wa kuume achukue kisu kilichonolewa kwa ajili ya mukono wa kuume. Mutu wa mukono wa kushoto atafute kisu kilichonolewa kinyume, kwa sababu kisu cha mwenzake kitamuharibia kazi.

Tatu, uliza chuma chake. Kiko chuma cha kawaida, kinachonoleka upesi na kuwa kikali sana, lakini kinashika kutu. Kiko na chuma kisichoshika kutu, ambacho kinataka uvumilivu zaidi juu ya jiwe. Vyote viwili ni vizuri. Kama wewe ni mutu wa kusahau kupaka mafuta, chukua cha pili.

Nne, kishike mukononi. Mupini ujaze kiganja, usiteleze ukiwa na maji.

Wembe wa kunyolea. Bei yake ni ndogo, na ukitoka katika karatasi yake ni mukali sana. Unafaa kwa miche laini, kama nyanya. Lakini unapinda, na kidonda kinapinda pamoja nao. Kwa mbao ngumu unavunjika, na kipande kinaweza kuruka machoni. Kama una wembe wenye makali mawili, usiushike mutupu: upande mumoja uutie katika kijiti kilichopasuliwa, ukifunge imara kwa uzi.

Kisu kidogo cha munganga. Hiki kina mupini wa chuma, na wembe unaobadilishwa. Mipini na nyembe vina namba. Mupini wa namba 3 unashika nyembe za namba 10, 11 na 15. Mupini wa namba 4 unashika nyembe kubwa zaidi, namba 20 hadi 24. Namba 10 ina tumbo la muviringo. Namba 11 imenyooka na ina ncha kali. Namba 15 ni ndogo, yenye muviringo mufupi. Kwa kuungia vitawi vyembamba, kukata karatasi, kartoni au ngozi nyembamba nyumbani, kisu hiki ni kizuri. Lakini usikipindishe ndani ya mbao, wala usichokonoe nacho: wembe ni mwembamba, utavunjika.

Unapobadilisha wembe huo, usitumie vidole. Ushike mugongo wake kwa koleo ndogo, makali yakielekea mbali na mwili wako, uunyanyue kidogo nyuma, kisha uusukume utoke. Wembe uliochakaa uutie katika kopo lenye kifuniko, lisilofunguliwa na watoto.

Neno moja kubwa: usiokote kamwe nyembe zilizotupwa na hospitali, wala usizinunue kwa mutu aliyeziokota. Wembe uliogusa damu ya mugonjwa unaweza kukuletea ukimwi au ugonjwa wa ini. Nunua mupya, uliofungwa katika karatasi yake.

3. KUNOA

Tafuta jiwe lenye nyuso mbili, moja ya kukwaruza na moja laini. Ukianza kulitumia kwa maji, endelea kwa maji. Ukianza kwa mafuta, endelea kwa mafuta. Usichanganye. Jiwe la mutoni linalofaa kwa mupanga halifai kwa kisu hiki, kwa sababu chembe zake ni kubwa, zinaacha meno katika makali.

Fanya hivi:

a) Weka jiwe juu ya kitambaa chenye maji, lisitembee.
b) Laza upande ulionolewa juu ya jiwe, mpaka uso wa makali uguse jiwe wote. Mugongo wa kisu utanyanyuka kidogo tu, kama nusu ya unene wa kalamu ya risasi.
c) Sukuma kisu mbele, kama mutu anayetaka kukata ganda jembamba la jiwe. Usikaze mukono. Shika pembe ile ile toka mwanzo mpaka mwisho.
d) Ukisikia kwa kidole, upande bapa, kwamba kuna ukingo mudogo wa kukwaruza, geuza kisu. Laza upande bapa juu ya jiwe laini, ulale kabisa, uupitishe mara mbili au tatu tu. Ukiunyanyua, umeharibu ubapa wake.
e) Maliza kwa kukivuta juu ya ukanda wa ngozi, mugongo ukitangulia.

Usijaribu makali kwa kidole gumba. Kata tawi bichi kwa mukono mumoja wa kuvuta. Uso wa kidonda uking'aa bila nyuzi, kisu ni tayari. Kikiacha nyuzi, rudi kwenye jiwe.

4. KUUNGA JICHO LA MUCHUNGWA

Panda mbegu za mulimau wenye ganda la mikunjo. Shina lake likiwa nene kama kalamu ya risasi, linafaa. Fanya kazi wakati wa mvua, ganda linapotoka kwa urahisi.

Chagua muchungwa muzazi unaoujua, usio na ugonjwa, uliokwisha kuzaa vizuri miaka kadhaa. Kata kitawi kisicho kizee sana. Ondoa majani, lakini acha vikonyo vyake, viwe mishiko ya macho. Kifunge katika kitambaa chenye maji, kisipigwe na jua.

Juu ya shina la mulimau, kiasi cha santimetri 20 hadi 30 toka udongoni, kata mustari wa kusimama wa santimetri 3, na mustari wa kulala wa santimetri 1. Mahali pa mvua nyingi, kama milima ya Kivu, mustari wa kulala uwe chini ya ule wa kusimama, maji yasiingie. Kata ganda tu. Usiingie ndani ya mbao. Fungua ganda kwa ulimi wa kisu.

Sasa kata jicho. Anza santimetri 1 na nusu upande mumoja wa jicho, pita chini yake kwa mukono mumoja laini, utoke umbali kama huo upande wa pili. Usikate kama mutu anayepasua mbao kwa musumeno, mbele na nyuma. Ukikosea, usirekebishe jicho lile, kata jingine. Usiguse uso wa kidonda kwa vidole, jasho na mafuta ya mukono vinauharibu. Penyeza jicho ndani ya ganda lililofunguliwa, likitazama juu kama lilivyotazama kwenye muti muzazi. Funga kwa utepe wa plastiki, chini na juu ya jicho, kwa nguvu ya kiasi.

Baada ya majuma matatu, fungua. Jicho likiwa bichi, na kikonyo kikianguka kwa kuguswa tu, limeshika. Likiwa jeusi na kikonyo kimekauka na kushikamana, limekufa. Usikate tamaa: unga tena upande mwingine wa shina lile lile.

5. KISU KINABEBA UGONJWA

Hapa ndipo walimaji wengi wanapopotea. Kisu kinaonekana safi, kumbe maji ya muti mugonjwa yamekauka juu yake. Unakata muti wa pili, unaupa ugonjwa wa muti wa kwanza.

Migomba itufundishe. Katika Etiopia, mwaka 1968, ulielezwa ugonjwa wa munyauko unaoletwa na vidudu visivyoonekana kwa macho, juu ya ensete, mumea unaofanana na mugomba. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na katika Kongo ulionekana Masisi, Kivu ya Kaskazini. Baadaye uliingia Rwanda, Tanzania, Kenya na Burundi. Majani yanakuwa manjano na kunyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukizipasua ndani zina rangi ya kahawia. Hakuna dawa ya kuuponya. Wadudu wanaoruka wanaubeba, lakini mupanga na kisu vinaubeba pia, toka mugomba hadi mugomba, toka shamba hadi shamba.

Kwa hiyo ua la dume la mugomba, ukiondoa baada ya kichana cha mwisho kutokea, livunje kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu. Mugomba mugonjwa uukate chini karibu na udongo, kisha usafishe chombo kabla hujagusa mugomba mwingine.

Miti ya machungwa nayo ina ugonjwa unaopita kwa kisu, unaobambua ganda la shina la chini na kuufanya muti udumae. Kitu kinacholeta ugonjwa huo ni kigumu sana, hata moto wa haraka haukiui.

Basi shika kanuni hii: mupanga kwa moto, kisu kwa Javel.

Mupanga uuweke motoni mpaka uwe na joto lisiloshikika. Lakini kisu kidogo usikitie motoni: joto linalainisha chuma chake, na makali hayatakaa tena. Kwa kisu, chukua Javel kipimo kimoja na maji safi vipimo vitano. Futa kwanza utomvu na uchafu, kwa sababu Javel haipiti uchafu. Chovya wembe wote, uhesabu hadi 60, suuza kwa maji safi, ufute. Ukiwa na visu viwili, kimoja kilale katika Javel huku cha pili kikifanya kazi, hupotezi wakati. Javel ichanganywe upya kila siku, ikae kivulini, isikaribiwe na watoto. Maji peke yake hayatoshi. Kufuta kwenye suruali hakutoshi.

Safisha kila unapotoka muti muzazi mumoja kwenda mwingine. Lakini ujue: kisu kisafi hakiponyeshi tawi lililotoka kwenye muti mugonjwa.

6. MIKONO YAKO NA NYUMBA YAKO

Kisu cha kuungia kiwe na kazi moja. Usikate nacho kamba, usimenye nacho muhogo, wala usikitumie kutoa funza katika mguu wa mutoto. Udongo wa shamba una vidudu vya pepopunda, ugonjwa unaoua, na damu ya mutu mumoja isipite kwa mwingine.

Unapokata, kidole gumba cha mukono ulioshika tawi kisiwe mbele ya makali. Kisu kikianguka, usikidake, kiache kianguke. Ukitembea, kiwe kimekunjwa. Ukijikata, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi, ukifunge kwa kitambaa safi, uende kwa munganga uulize habari ya chanjo ya pepopunda.

Jioni futa utomvu, kausha kisu, paka mafuta kidogo, hasa kwenye kiungo cha mupini, kwa sababu Javel inakula chuma. Kiweke mahali pakavu, juu, mbali na watoto.

MUKUMBUKE

Kisu kikali, mukono mumoja laini.
Kisu safi, muti muzima.
Kisu kimoja, kazi moja.

Mwenye kushika maneno haya matatu ataunga miti mia kwa kisu kimoja, na watoto wake watakula machungwa yake.