Istilahi za Malipo ya Biashara ya Ng'ambo: Kutenga, Kurudisha na Kutengua

Katika miaka ya karibuni wafasiri wetu wamekuwa wakiletewa hati ambazo zamani hazikuwapo mezani pao: mikataba ya akaunti na masharti ya malipo kwa watu wanaouza bidhaa ng'ambo kwa njia ya mtandao. Hati hizi ni fupi na lugha yake huonekana nyepesi, kwani maneno yake mengi tunayo tayari katika Kiswahili. Taabu ni kwamba tunayo kwa maana nyingine. Msomaji wa hati ni mfanyabiashara anayetia fedha zake mwenyewe. Akielewa vibaya, hasara ni yake, si ya mfasiri.

Tuchukue mfano wa muuzaji wa kofia za Lamu, zile zinazoshonwa kwa mkono, ambaye wanunuzi wake wako Ujerumani. Ili apokee yuro bila usumbufu, anasajili kampuni yake Estonia. Tangu Desemba 2014 nchi hiyo huwapa wageni kitambulisho cha kidijiti, ambacho kwacho huweza kutia sahihi hati na kusajili kampuni wakiwa makwao. Jina la mpango huo likifasiriwa neno kwa neno hutoa "ukaazi wa kielektroniki", na ndiyo tafsiri inayomjia mtu kwanza. Lakini mwenye kitambulisho hicho hapati kwa ajili yake ruhusa ya kuingia Estonia wala ya kuishi humo. Afisa wa uhamiaji akisoma "mkaazi" ataelewa jambo lisilokuwapo. Tunapendekeza "kitambulisho cha kidijiti cha mgeni". Ni kirefu, lakini hakidanganyi.

Kampuni ikiisha kusajiliwa hutafutwa akaunti. Mabenki ya nchi hiyo aghalabu hutaka kuona uhusiano wa kweli baina ya kampuni na Estonia, na kwa hiyo wageni wengi huishia katika makampuni yenye leseni ya kupokea na kupeleka malipo, ambayo si benki. Mfasiri huandika "akaunti ya benki" kwa zote mbili. Kosa hili si dogo. Amana iliyo katika benki ya Umoja wa Ulaya ina kinga ya kisheria hadi yuro 100,000 kwa kila mwenye amana, benki ikifilisika. Fedha zilizo katika kampuni ya malipo hazina kinga hiyo. Sheria huitaka kampuni izihifadhi mbali na fedha zake yenyewe, au izikatie bima. Basi tuseme "taasisi ya malipo" na "akaunti ya malipo", na neno "amana" tuliachie benki. Namba ya akaunti haimsaidii msomaji kutofautisha. Namba ile ya kimataifa, IBAN, yenye herufi na tarakimu 20 kwa Estonia na 22 kwa Ujerumani, huanza kwa herufi mbili za nchi, na taasisi ya malipo nayo huweza kuitoa.

Sehemu iliyo ngumu zaidi ni ya malipo kwa kadi. Mnunuzi wa Hamburg akiisha kuandika namba za kadi yake, muuzaji huletewa taarifa ambayo wafasiri huiandika "malipo yameidhinishwa". Mtumishi wa serikali anajua maana ya kuidhinisha malipo: mwenye mamlaka ametia sahihi na hundi itatoka. Kwa kadi mambo si hayo. Benki ya mnunuzi imesema tu kwamba kadi inafaa, kwamba kiasi kipo, na kwamba imekizuia kwa ajili ya muuzaji. Hakuna senti iliyohama. Muuzaji asipodai kiasi hicho katika muda uliowekwa, zuio huondoka. Akidai, hesabu za mabenki hulinganishwa kwanza, na siku moja au kadhaa baadaye ndipo fedha hufika.

Kwa hatua ile ya kwanza tunalo neno zuri, nalo ni "kutenga". Kila aliyepata kufanya kazi katika idara anajua tofauti baina ya fedha zilizotengwa katika bajeti na fedha zilizotolewa, wala hahitaji kufafanuliwa zaidi. "Kiasi kimetengwa", kisha "malipo yamefika": msomaji atajua asubiri lipi.

Hata fedha zilizofika huweza kuondoka, na kwa njia mbili ambazo wafasiri huziita zote "marejesho". Neno hilo lenyewe lina matata, maana katika vikundi vya mikopo marejesho ni fungu la deni analolipa mkopaji. Njia ya kwanza ni muuzaji mwenyewe kumrudishia mnunuzi fedha zake. Katika Umoja wa Ulaya anayenunua kwa mbali ana siku 14 tangu kupokea bidhaa za kubadili nia bila kutoa sababu, isipokuwa kwa bidhaa chache zilizotajwa katika sheria. Huku ni "kurudisha malipo", na anayerudisha ni muuzaji.

Njia ya pili muuzaji hana sauti mwanzoni. Mnunuzi huiambia benki yake kwamba mzigo haukufika, au si ule alioagiza, au kwamba hakununua kabisa. Aghalabu ana hadi siku 120 za kulalamika. Benki huyaondoa malipo kwa muuzaji, tena mara nyingi kwa ada juu yake, naye ndipo hutakiwa kuleta ushahidi kama vile hati ya posta na sahihi ya mpokeaji. Mwenzetu mmoja alipendekeza tukuite "kunyang'anya". Tulicheka, lakini unyang'anyi ni kosa la jinai. Sisi twapendekeza "utenguzi wa malipo". Uteuzi hutenguliwa na hukumu hutenguliwa, na kila mara anayetengua ni mwenye mamlaka juu ya jambo lililokwisha kukubaliwa. Ndivyo ilivyo hapa.

Kwa kuhofia utenguzi, taasisi ya malipo huweza kuzuia sehemu ya mauzo kwa miezi kadhaa. Baadhi ya wafasiri huiita sehemu hiyo "akiba". Akiba huwekwa na mwenyewe, naye huichukua apendapo. Hii inashikwa na mwingine kwa ajili ya deni linaloweza kutokea, na jina lake ni dhamana.