Maswali Yalipozidi Ugumu, Binti Alidhani Amefeli

Jirani yangu wa huku Mbagala ana binti aliyemaliza shahada ya kwanza na kutaka kwenda kusoma ya uzamili Marekani. Chuo alichokitaka kilidai mtihani wa GRE. Ada yake si ya mchezo, na mama yake aliitoa kwenye kikoba.

Siku ya mtihani binti alirudi jioni, macho yamevimba. "Mama mdogo, sehemu ya kwanza ya hesabu niliimudu," aliniambia. "Ya pili ilikuwa moto. Mwishoni kompyuta ikaniuliza kama nataka matokeo yangu yatolewe au yafutwe. Nikabonyeza yafutwe."

Mama yake alikaa kimya. Mimi nilisema, "Mwanangu, umefuta bila kuona?"

Akina mama tumezoea mitihani ya Baraza la Mitihani la Tanzania. Mtoto wa Temeke na wa Kigoma hufungua karatasi ileile, siku ileile. Kidato cha nne huhesabiwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, F ni pointi 5, na mwenye pointi 7 hadi 17 yumo daraja la kwanza. Kadiri pointi zinavyopungua ndivyo vigelegele vinavyozidi. Ukiingia kwenye GRE na mazoea hayo, lazima upotee.

GRE hufanywa kwenye kompyuta. Hesabu ina sehemu mbili, na lugha ya Kiingereza vivyo hivyo. Tangu Septemba 2023, ulipofupishwa, sehemu ya kwanza ina maswali 12 na ya pili 15. Sehemu ya kwanza ina maswali ya ugumu wa wastani. Ukiimaliza, kompyuta hutazama umepata mangapi, ndipo inakuchagulia ya pili. Uliyefanya vizuri hupewa ngumu zaidi. Aliyeyumba hupewa nyepesi. Kwa hiyo ule "moto" uliomliza binti wa watu ulikuwa dalili kwamba ya kwanza aliifanya vyema!

Alama je? Ndani ya sehemu kila swali lina uzito sawa, liwe jepesi au gumu. Kwanza huhesabiwa uliyopata, kisha hesabu hiyo hugeuzwa kuwa alama kati ya 130 na 170, kwa kuzingatia ugumu wa maswali uliyopewa. Mama aliyebeba ndoo kumi kutoka bombani hadi barazani kwake, na mwenzake aliyepanda nazo kilima cha Kimara, wote wamebeba kumi, lakini huwezi kuwalipa ujira sawa. Vivyo hivyo, wawili waliopata maswali 18 wanaweza kutoka na alama tofauti.

Kukosa hakupunguzi alama kwenye GRE, basi swali lisiachwe wazi, hata kwa kubahatisha. Unaweza pia kuruka swali na kulirudia, maadamu hujatoka kwenye sehemu hiyo. Ndugu yake, GMAT, unaodaiwa na shule nyingi za biashara, ni mkali zaidi: hubadilika swali baada ya swali, na anayeishiwa muda kabla ya kumaliza hukatwa alama. Huko, kung'ang'ania swali moja ni hasara tupu.

Jambo jingine linalowachanganya wazazi ni ile asilimia inayoandikwa kando ya alama. Ukiona 62, usidhani mtoto kapata 62 kwa 100. Maana yake ni kwamba amewapita watu 62 katika kila 100 waliofanya mtihani huo. Vyuo huitazama sana.

Hata kama angefanya vibaya, hakuwa na haja ya kufuta. Mtahiniwa huchagua mwenyewe alama za siku ipi zipelekwe chuoni, na anaweza kurudia mtihani baada ya siku 21. (Vyuo vingi vya Marekani vimeacha kabisa kuudai mtihani huu tangu 2020, ulizeni kwanza kabla ya kuvunja kikoba.)

Bahati ni kwamba aliyefuta ana siku 60 za kuomba alama zake zirudishwe, kwa kulipia. Zilikuwa zimepita siku tisa tu. Mama yake aliuza khanga mbili za doti ambazo hajazivaa, na ombi likapelekwa.

Majibu yalipokuja walibisha hodi kwangu wote wawili. Hesabu 161, lugha 152. Mama mtu akaishika karatasi, akaigeuza huku na huku, kisha akaninong'oneza, "Dada, hiyo 161 ni ya kushangilia au ya kulia?"

Nikamwambia apige kigelegele. Alipiga, na majirani wakatoka nje kuuliza nani anaolewa.