Sumu Iliyolala Chumbani

Itajwapo afya, wengi wetu huwaza hospitali, daktari na dawa. Ni nadra mtu kuiwaza sakafu ya nyumba yake, au gunia lililoegemezwa ukutani karibu na kitanda. Hata hivyo, msiba uliowafika wakazi wa Kitui na Makueni mwaka wa 2004 ulidhihirisha kwamba mahali alazapo mtu chakula chake pana uzito sawa na chakula chenyewe.

Kufikia Julai mwaka huo, watu 317 walikuwa wameugua na 125 miongoni mwao wakafariki. Wengi walitoka katika wilaya hizo mbili. Wengine Machakos na Thika. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakavimba, maini yakashindwa kufanya kazi. Halikuwa tauni wala uchawi. Ilikuwa sumu ya aflatoksini, ambayo wengine huiita sumukuvu, itokanayo na kuvu iotayo kwenye nafaka. Mahindi ya madukani na sokoni yalipopimwa, zaidi ya nusu ya sampuli zilipita kiwango kilichoruhusiwa wakati huo, yaani sehemu 20 kwa kila bilioni.

Wapo waliosema kwamba wakulima hao walikuwa wazembe. Mimi naikataa hukumu hiyo. Mahindi yalivunwa yakiwa hayajakauka sawasawa, mvua ikinyesha wakati usiotarajiwa, na njaa ikibisha hodi. Penye njaa hapakosi wizi. Mwenye mahindi kidogo akayaondoa kwenye ghala la nje, lipitalo upepo, akayaingiza chumbani alikolala na wanawe. Kumbe chumba chenye joto na hewa haba ndicho kipendwacho na kuvu. Uchunguzi uliofanywa Makueni na Kitui ulibainisha kwamba waliohifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba walikabiliwa na hatari kubwa zaidi. Ulinzi ukageuka mtego.

Linalonisikitisha ni kwamba onyo lilikuwapo. Mwaka wa 1981, watu 20 waliugua kwa sumu iyo hiyo huko Machakos na 12 wakafa. Wataalamu waliandika, lakini maandishi yao hayakumfikia mama anayeanika mahindi uani. Pengo hilo, ndugu mwalimu, wewe na wanafunzi wako mwaweza kuliziba.

Mwanafunzi na ajue kwamba mahindi huanikwa juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu. Kwamba magunia huinuliwa juu ya mbao na kutengwa na ukuta. Na kwamba unyevu haupasi kuzidi asilimia 13.5. Asiye na mashine ya kupimia atie mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, aitikise kwa dakika chache, kisha aiache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Jaribio hili hupima unyevu tu, halipimi sumu, lakini lafaa darasani na nyumbani pia.

Aidha, tusijidanganye kwamba moto wa jikoni huiondoa sumu hii. Kukoboa mahindi, kama wafanyavyo Wakamba wanapotayarisha muthokoi, huipunguza kwa kiasi; hakuimalizi. Wala mahindi yaliyooza asipewe ng'ombe, kwa maana sumu hurudi kwetu kupitia maziwa. Hata kwa kipimo kidogo kisichoua papo hapo, ikiliwa kwa miaka mingi yaweza kuleta saratani ya ini.

Pamoja na hayo, nasisitiza kwamba elimu pekee haitoshi. Kumwambia mtu arudishe mahindi ghalani ilhali ghala halina mlango wala mlinzi ni kumtaka achague kati ya sumu na njaa. Vijiji vya Ukambani vyahitaji vikaushio vya pamoja, maghala imara na usalama wa mali. Shule nazo, zinazohifadhi mahindi ya kulisha mamia ya watoto, zianze kwa kukagua stoo zao. Mwalimu atakayefunza somo hili huku magunia ya shule yake yamelala juu ya sakafu yenye majimaji, atasikilizwa na nani?